Somo Hakukaa Kitini

Katika miaka yote niliyoishi karibu naye, sikumwona somo wangu amekaa kwenye kiti chenye mgongo akaegemea. Viti alikuwa navyo, tena viwili, vya mvule, vimepigwa msasa na vanishi mpaka vinang'aa. Wewe mgeni ukiingia, atakirukia kimoja, atakifuta kwa pindo la kanga, mgongo na miguu yote, ndipo atasema karibu ukae. Yeye mwenyewe atachuchumaa mlangoni, au atakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, au atasimama ameegemea ukuta, mguu mmoja ndani mmoja nje. Ukimwambia, somo, kaa basi na wewe, atakujibu kwamba kiti kinamuumiza mgongo. Hapo hapo atakumbuka maji jikoni, au nguo kwenye kamba, na ule mguu wa nje utamvuta mzima mzima aondoke.

Nasema somo, na watu wa bara wataniuliza ni nani huyo. Kwetu pwani msichana akivunja ungo hukabidhiwa mwanamke mzima asiye mama yake, amfunde yale ambayo mama anaona haya kuyasema. Atakaa naye ndani, atamcheza ngoma yake, na siku ya harusi atamsindikiza mpaka kwa mume. Wengine humwita kungwi. Baada ya hapo ni wako maisha yako yote. Ukigombana na mume huendi kwa mama, unakwenda kwa somo. Na mume wako naye humheshimu kama mkwe: hali chakula mbele yake, akimwona njiani humpisha, na akitaka kumwambia jambo hutuma mtu. Hili la mkwe lishikeni, maana ndilo lililotuletea balaa.

Miguu yake haikujua kutulia. Asubuhi yuko Temeke, adhuhuri unasikia yuko Kinondoni kwenye msiba, alasiri amefika Tabata, ambako enzi zile za Mwingereza kulikuwa mihogo mitupu na vibanda viwili vitatu. Anarudi jua linazama, ndala mkononi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amewafunda wasichana mji mzima, na kila mmoja alikuwa na kesi yake. Huyu kapigwa, yule kaletewa mke mwenza, mwingine mume haonekani nyumbani. Somo alizipokea kesi zote, na karibu zote alizimaliza kwa neno moja: rudi. Mvumilivu hula mbivu, rudi. Nyumba njema si mlango, rudi. Nilimsikia akimwambia hivyo mwanamke mmoja wa Keko aliyekuja na jicho limevimba, na usiku ule sikumpenda. Mwanamke yule akarudi kweli, na somo akamsindikiza mpaka mlangoni kwake, akamwombea msamaha kwa mume kwa kosa ambalo hakuna aliyelijua.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa akirudi kwa nani? Hapo ndipo tulipokuwa tunachanganyikiwa sie wanafunzi wake. Alikuwa ameolewa si mara moja, na alikuwa ameachika si mara moja, na wakati namjua aliishi peke yake kwenye vyumba viwili vya kupanga, ufunguo ukining'inia shingoni kama hirizi. Wanaume walimposa. Nakumbuka Mwarabu mmoja mwenye duka la kona, mjane, mtu safi, aliyemletea tende na kitambaa cha hariri kwa mkono wa shangazi yake. Somo alizila tende, akakirudisha kitambaa. Tulipomuuliza kwa nini, alisema hana nafasi, ana kazi ya kufundisha watu kukaa na waume. Tulicheka, naye akatutazama kama hajui tunacheka nini.

Na ufundishaji wake ulikuwa kichekesho kitupu. Somo hakukataza jambo kwa mdomo. Akitaka kukukanya uchafu, atajifanya mke mchafu, ajikune, apige chafya juu ya sufuria ya mchuzi, aonje kwa mwiko na kuurudisha ndani, mpaka sie wanawali tunagaagaa kwenye mkeka. Akitaka kukukanya uvivu, atalala chali katikati ya chumba na kuagiza mtu amfukuzie inzi puani. Kila akimaliza alisimama, akajipangusa, akauliza:

"Mmemwona?"

"Tumemwona."

"Ni wewe?"

"Si mimi."

Ndivyo somo lilivyofungwa. Ulichokiona kimeigizwa mbele yako ndicho usichotakiwa kuwa, na kinapokithiri ndipo kinapokukaa kichwani. Kila mwanamke aliyechezwa, kutoka Temeke mpaka Kinondoni, alilijua jibu lile. Unaweza kumwamsha usingizini umuulize, atakujibu si mimi kabla hajafumbua macho.

Nitaje na magoti yake. Yalikuwa na sugu nyeusi, nene, kavu kama ganda la nazi. Waliomtakia mema walisema ni sugu za swala. Sie tuliokaa naye ndani tulijua kwamba somo, Mungu amsamehe, hakuwa mtu wa kuswali kiasi hicho. Na katika kula alikuwa wa mwisho siku zote, tena amesimama, sahani kiganjani, macho mlangoni. Vikombe vyake vilipangwa kabatini mikono ikitazama upande mmoja. Ukikigeuza kimoja kwa utani, hata kama yuko uani, akirudi atakwenda kukigeuza bila kukuuliza ni nani. Alikuwa na kitambaa cha meza kilichodariziwa, na alijua kutandika meza ya chai ya Kizungu, kisahani hapa, kijiko pale, kitambaa cha mkono kimekunjwa pembe tatu. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alisema mume wake wa kwanza alikuwa boi, mtumishi wa nyumba ya wazungu, kule Uzunguni. Kisha akaniambia moshi unaniingia machoni, nisogee, na habari ya mume wa kwanza ikaishia hapo.

Mimi niliolewa na karani. Karani wa serikali, kaptura ya kaki imenyooshwa kwa pasi na wanga, soksi ndefu, kalamu mbili mfukoni, moja nadhani haikuwa na wino. Zilipojengwa nyumba za kota Temeke, za saruji, kila moja na jiko lake na choo chake, yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupewa. Siku tuliyohamia nililia kwa furaha. Nisiseme uongo, nilimpenda mtu yule. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma gazeti, na jioni alinisomea habari za nchi ambazo sitazifikia, huku mimi nikimkuna mgongo. Nyumba nayo niliipenda. Tatizo ni kwamba ile nyumba ilikuja na mke wake, na mke huyo hakuwa mimi.

Mke wa kota hakai barazani kusukwa nywele. Hapiki uani kwenye mafiga. Hacheki mpaka sauti ikavuka ukuta wa jirani. Saa kumi alasiri meza yake imetandikwa, birika liko tayari, naye amevaa gauni na viatu, anamngoja bwana. Haya mume wangu aliyapata kwa Bibi wa klabu. Bibi wa klabu alikuwa mzungu mwembamba, mpole, mwenye kofia ya ukindu na Kiswahili cha kitabuni, aliyekuja kila wiki kwenye jumba la mikutano kutufundisha kushona, kuosha watoto na kuoka keki ndani ya debe, makaa chini, makaa juu. Sikumchukia, kwa kweli alikuwa mtu mwema. Lakini keki zangu ziliungua juu na kubaki uji katikati, na mume wangu alizila kimya, kila tonge likinipunguzia heshima.

Jioni moja, mfungo unakaribia, aliniambia bila kupandisha sauti kwamba ananipa mpaka baada ya Idi. Kama nitakuwa sijabadilika, atanirudisha kwetu, akaoe msichana aliyesoma shule ya misheni na kujua mambo ya nyumba. Aliyasema kwa upole, na ule upole ndio ulionitia baridi. Mtu akikutukana ujue hasira zitampita, lakini huyu alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Nilivaa kanga nikakimbia kwa somo.

Nilimkuta anafuta vikombe. Nilimweleza yote, nikilia, nikitegemea angalau leo atasema neno jipya.

"Fanya anavyotaka," akasema.

"Yote, somo?"

"Yote. Mume haridhiki na nusu, mwanangu."

Hakunitazama. Alikishika kikombe kimoja akakifuta, akakifuta tena, mpaka nikaona hakuna cha kufuta. Nilirudi kota nimenuna. Nilijaribu, Mungu anajua. Nilivaa gauni, nikapaka viatu kiwi, nikakaa kwenye kiti saa kumi alasiri mikono mapajani, wakati nje kwenye baraza ya jirani nasikia wanamenya mihogo na kumsengenya mtu ninayemjua. Mwili wote uliniwasha. Kila dakika niliinuka nikachungulia dirishani, nikarudi, nikainuka.

Ndipo likaja jambo la filamu. Bibi wa klabu alitangaza kwamba wanakuja wazungu wenye mashine ya kupiga picha zinazotembea, watengeneze filamu ya kuwafundisha wanawake, ya mke mwema na mke mvivu, ioneshwe mji mzima na vijijini kwa gari la sinema. Akamchagua mume wangu awe mume, kwa sababu ana suti na anajua Kiingereza, na mimi niwe mke mwema. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi. Aliniambia hii ni bahati yetu, na macho yake yakaniambia ni ya mwisho.

Siku ya kupiga filamu somo alinisindikiza, maana haikuwa heshima mke kijana asimame peke yake mbele ya wanaume wageni. Alikaa pale mlangoni pa nyumba yetu kama kawaida yake. Walifungua madirisha yote, wakaweka vioo vya kuleta jua ndani, wakanipa birika. Mashine ikaanza kulia krrr, nami nikaitazama. Wakaniambia nisiitazame. Ikalia tena, nikaitazama tena, safari hii nikacheka, na nilipojiziba mdomo nikaangusha kisahani. Tulirudia mpaka mzungu wa mashine akatoa leso akajifuta jasho. Mume wangu alikuwa amekaa mezani, suti imemganda, ananitazama kwa yale macho ya keki mbichi. Nilijua nyumba inaniponyoka.

Bibi wa klabu akageuka akamwona somo pale mlangoni. "Mama," akamwambia, "jaribu wewe."

Mume wangu alisimama ghafla. Aliongea Kiingereza kwa haraka, na nilimwona anatafuta maneno, ikawa kama hakuna neno la Kiingereza la kumwambia Bibi kwamba mama huyu ni mkwe, hawezi kumhudumia yeye chai, na yeye kula mbele yake ni aibu ya kufa. Bibi alitabasamu, akajibu kwamba ni mchezo tu. Na mume wangu, aliyekuwa akiniambia kila siku niache mambo ya kizamani, angesema nini mbele ya wazungu? Akakaa. Nilimtazama somo nikitegemea acheke, akatae, aondoke zake. Yeye aliitazama ile meza. Akakitazama kiti. Aliuliza jambo moja tu, kama chai ni ya moto kweli, na walipomwambia ndiyo, aliacha ndala nje akaingia.

Mimi nilitolewa nikavae kanga chakavu, maana nimepewa sehemu ya mke mvivu, ambaye kuitazama mashine si kosa kwake. Kwa hiyo sikuona alichofanya mle ndani. Nilimwona Bibi tu, akitoka amejishika kifua, akisema hawakuhitaji kurudia hata mara moja. Alimuuliza somo amejifunza wapi vizuri hivyo.

"Nyumbani," somo akasema, akavaa ndala zake akaenda Kinondoni.

Sehemu yangu ilipigwa jioni. Nilikaa kwenye mkeka uani na jirani zangu, tunasukana nywele, tunatafuna muhogo wa kuchoma, chungu kinaungua nyuma yetu kwa maagizo ya Bibi. Tuliambiwa tucheke ovyo. Ilikuwa saa tamu kuliko zote nilizozipata katika nyumba ile.

Idi ikaja ikapita. Mume wangu hakusema neno, wala mimi sikumkumbusha. Tulikuwa tunasubiri filamu, kama watu wanaomsubiri kadhi. Jioni iliyotangazwa gari la sinema lilisimama uwanjani, shiti jeupe likatundikwa kwenye milingoti, na watu wakajaa mpaka juu ya paa za vibanda. Mbele waliwekewa viti wakubwa: Bibi wa klabu, wazungu wa mashine, madiwani, na mume wangu na mimi pembeni yake, nimevaa gauni. Akina mama walikaa chini nyuma yetu. Somo nilimwona kwa mbali, amesimama ukingoni mwa uwanja.

Filamu haikuwa na sauti. Kijana mmoja garini alishika kipaza sauti na kueleza. Akaeleza kwamba huyu ni mke mwema, mumewe anarudi kazini. Na pale kwenye shiti, mkubwa kuliko mlango wa ghala, akatokea somo wangu.

Alipokea kofia kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Alikivuta kiti, akakifuta kwa pindo la kanga, mgongo na miguu yote, ndipo mume wangu akakaa. Akapiga magoti sakafuni, akafungua kamba za viatu, akavivua, akaviweka sambamba, akavipuliza vumbi. Akaondoka kinyumenyume asimpe mgongo, akarudi na chai, akamimina, akaonja tone kwenye kiganja kama imezidi moto, akaipepea kwa mkono. Kisha akaenda kusimama ukutani, mikono imekunjwa, macho chini, na kila kidole cha bwana kilipotikisika alitangulia hatua. Chembe ya mkate ilidondoka. Alipiga magoti tena, akalowesha kidole, akaiokota.

Halafu sauti ya mwanaume gizani ikasema taratibu kwamba jamani yule si mkwewe yule? Hapo kicheko kikatoka. Kilianzia kwa wanaume, kikapanda kwa akina mama, na akina mama wakakipeleka kwingine kabisa, maana wao waliona jambo la zaidi ya mkwe. Waliona kungwi yuko kazini. Waliona ameliigiza jambo mpaka likakithiri, kama alivyotuigizia mke mchafu na mke mvivu, ili tuone aibu tusiwe hivyo. Mwanamke mmoja akasimama, akapaza sauti: mmemwona? Na uwanja mzima wa wanawake ukajibu kwamba tumemwona. Akauliza tena: Ni wewe?

"Si mimi!"

Nilijibu na mimi. Sikukusudia, lilinitoka kama chafya, nikiwa kitini pembeni ya mume wangu na gauni langu, kwa sauti yote niliyokuwa nimeifungia miezi ile. Kisha nikacheka mpaka machozi. Kijana wa kipaza sauti alikuwa bado anahimiza kwamba mke mwema humtumikia mumewe kwa furaha, na kila alivyosema ndivyo watu walivyozidi kuanguka. Nilipotokea mimi na muhogo wangu, uwanja ulipiga vigelegele. Bibi wa klabu alikuwa akigeuka huku na huku, uso umejaa furaha, anampa kila mtu mkono, anasema filamu imependwa, imependwa sana. Na hakukosea. Kila gari lile lilipokwenda watu waliitaka ile, wakakataa ya mbu na ya vyoo. Iliombwa mpaka Kibamba, na Mhindi wa dukani akaagiza birika za kaure kwa sababu wanawake walizitaka za kuchezea kichekesho.

Nyumbani mume wangu alivua koti akalitundika. "Ulisema si wewe," akaniambia.

"Nilisema."

"Basi."

Hatukupigana. Alinipa talaka yangu kwa adabu, nami namhurumia mpaka leo, kwa sababu kuanzia siku ile Temeke nzima ilimwita Mkwe. Niliondoka kota na kitanda changu na cherehani ya mkono. Nilishona magauni ya watu, nikasukwa barazani saa kumi alasiri kila nilipotaka. Kila nilipokumbuka, nilimshukuru somo. Nilijiambia kwamba mdomo wake ulisema rudi, lakini alipopata uwanja wa kutosha aliniambia toka, na akaniambia mbele ya mji mzima.

Lakini kumshukuru mwenyewe sikuweza. Wiki ile ile ya filamu alihama vyumba vyake, na akina mama waliokuwa na mabinti wa kumkabidhi waliambiwa hafundi tena. Wengine walisema ofisi ya serikali imemtisha. Wengine walisema amepata mume. Nilikwenda kumtafuta Kinondoni, nikarudi bure, nikaenda tena Tabata. Miguu yake ilinipa shida hata alipokuwa hayupo.

Nilimpata baada ya miaka, wakati maneno ya uhuru yamejaa kila baraza. Mteja wangu mmoja alitaja bibi anayeuza ubani Kinondoni, mwenye vikombe vinavyotazama upande mmoja, na mimi nikaacha nguo kwenye sindano nikaondoka.

Mlango ulikuwa wazi. Somo alikuwa amekaa kwenye kiti, kile kile cha mvule. Mgongo ameuegemeza, miguu ameinyoosha mbele, magoti yamevimba. Nilisema shikamoo, nikachuchumaa mlangoni, kwa sababu mbele ya somo mwanafunzi hujishusha. Alinijua kwa sauti kabla hajanijua kwa sura. Tuliulizana hali, tukataja waliokufa. Mwisho sikuweza kuvumilia. Nilimwambia nilikuja kumshukuru kwa ile filamu, kwamba alivyomwigiza yule mke ndivyo alivyoniokoa. Nilimwambia hakuna kungwi aliyewahi kuigiza kama alivyoigiza yeye siku ile.

Aliuchezea ule ufunguo shingoni.

"Sikumwigiza mtu," akasema.

Sikuelewa, akaona sijaelewa.

"Waliniambia niandae chai ya mume. Nikaiandaa. Kwa mume wangu wa kwanza niliiandaa hivyo hivyo kila siku ya Mungu, tangu nikiwa mwali mpaka nilipofukuzwa. Viatu, kiti, chembe, yote. Alifundishwa na bwana wake Uzunguni kutumika, akaja kunifundisha mie. Nikaona ndiyo ndoa, nikawafundisha na nyie mkae." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nimesimama kule nyuma najiona kwenye lile shiti. Nikasema moyoni, nimefanya vizuri. Ndipo nikasikia watu wanacheka."

Siri ya mtungi muulize kata, na mimi kwa miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Nililiona goti lenye sugu, nikakiona kiti kinavyofutwa, nikamwona anakula amesimama, na yote nikayafanyia utani. Nilitaka kusema samahani, lakini alinyoosha mkono kunizuia.

"Walipouliza ni wewe, mkajibu si mimi. Sauti yako niliisikia, ilikuwa juu ya zote. Na mie nikajibu, mwanangu. Nikajibu ni mimi. Halafu nikaenda nyumbani nikakaa kwenye kiti, nikalia, nikalala hapo hapo mpaka asubuhi."

Nilianza kulia na mimi. Alinitazama kidogo, kisha akaonesha kiti cha pili kwa kidevu.

"Toka hapo mlangoni. Njoo ukae."

Niliinuka, nikakisogelea. Kilikuwa na vumbi, la siku nyingi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kanga, nikainama, na nilikuwa nimeshagusa mgongo wa kiti aliposema:

"Kiache. Kaa hivyo hivyo."

Nikakaa.